Mwongozo kamili wa kutembelea makasri ya wafalme wa Korea jijini Seoul

Seoul ina makasri matano ya kifalme, yote ya enzi ya Joseon, nasaba iliyotawala Korea tangu 1392 hadi nchi ilipotwaliwa na Japani mwaka 1910. Yote matano yako katikati ya jiji, na mtu mwenye miguu imara anaweza kutoka moja kwenda jingine bila kupanda chombo. Urahisi huo ndio unaowaponza wageni wengi. Hujaribu kuyamaliza yote kwa siku moja, wakarudi hotelini na picha tele za mapaa yanayofanana, wasikumbuke lipi lilikuwa wapi.

Ushauri wangu ni siku mbili, makasri manne na bustani moja. Bustani hiyo iko nyuma ya kasri la Changdeokgung, na ndiyo itakayoamua mambo mengine yote, kwa sababu idadi ya wanaoingia kwa siku ina kikomo na nafasi huisha mapema. Ukishaipata nafasi ya bustani, ratiba iliyobaki inajipanga yenyewe. Ukiikosa kwa kuchelewa, umekosa kilicho kizuri kuliko vyote.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Makasri hayafungwi siku moja. Gyeongbokgung, lililo kubwa kuliko yote, hufungwa Jumanne, na hekalu la mababu wa kifalme la Jongmyo nalo hufungwa Jumanne. Changdeokgung, Changgyeonggung na Deoksugung hufungwa Jumatatu. Kwa hiyo panga ziara yako kati ya Jumatano na Jumapili. Katikati ya wiki ni bora, kwani Jumamosi na Jumapili Wakorea wenyewe hufurika na watoto wao. Siku ya mapumziko ya kitaifa ikiangukia siku ya kufungwa, kasri hubaki wazi na hufungwa siku inayofuata.

Kuhusu majira, chagua Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, maua yanapochanua, au mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, majani yanapogeuka mekundu na manjano. Mwisho wa Juni hadi Julai ni msimu wa mvua, na Agosti ni joto lenye unyevunyevu ambalo hata mtu wa Mombasa atalilalamikia, maana nyua za makasri ni mawe matupu yasiyo na kivuli. Januari baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri. Theluji juu ya vigae vyeusi ni kitu cha kupendeza, na watu huwa wachache, lakini usiende bila koti zito, glavu na viatu vinavyoshika ardhi.

Jambo moja la saa. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili. Maana yake, saa ya ukutani ya Seoul inaonyesha namba ileile unayoitaja kwa Kiswahili nyumbani wakati huohuo: mshale wa Seoul ukiwa kwenye 4 alasiri, Dar es Salaam ni saa nne asubuhi. Ni njia rahisi ya kujua kama nyumbani wameamka kabla hujapiga simu. Katika mwongozo huu nataja saa za Seoul kwa Kiswahili, nikiongeza namba utakayoiona kwenye vibao pale inapohitajika.

Hatua ya pili: viza na safari

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza kabla ya kusafiri. Korea ina ubalozi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Andaa mapema taarifa za benki, barua ya kazi au ushahidi wa biashara, na ratiba ya safari. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Njia za kawaida za ndege kutoka kwetu hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai hadi uwanja wa Incheon.

Hatua ya tatu: kamata nafasi ya bustani

Bustani ya nyuma ya Changdeokgung huitwa Huwon, na kwenye matangazo ya watalii hutajwa kama Bustani ya Siri. Inachukua zaidi ya nusu ya eneo lote la kasri. Unaingia kwa kundi lenye muda maalumu na tiketi yake ni ya ziada: kiingilio cha kasri kimekuwa won (sarafu ya Korea) 3,000 kwa miaka mingi na cha bustani won 5,000, yaani mtu mzima analipa vyote viwili.

Sehemu ya nafasi huuzwa mtandaoni na sehemu huuzwa dirishani siku yenyewe. Mauzo ya mtandaoni hufunguliwa siku sita kabla ya siku ya ziara, saa nne asubuhi ya Seoul (10:00). Kwa aliyeko Afrika Mashariki hiyo ni saa kumi alfajiri, basi weka kengele ya kukuamsha. Chagua kundi la lugha unayoielewa. Kwa wengi wetu litakuwa la Kiingereza, na makundi hayo ni machache kuliko ya Kikorea. Ukishindwa mtandaoni, usikate tamaa. Fika kwenye lango la Donhwamun kabla ya kasri kufunguliwa saa tatu asubuhi (9:00), panga foleni na uombe nafasi ya siku hiyo. Katika majira ya majani mekundu foleni huanza mapema sana.

Ikiwezekana chukua kundi la asubuhi ya siku yako ya pili. Utakuwa umeshaliona kasri moja, macho yamezoea, na bustani utaiona kwa jinsi ilivyokusudiwa.

Hatua ya nne: malazi, usafiri na pesa

Tafuta chumba katika wilaya ya Jongno, hasa mitaa ya Insadong au Anguk. Hapo makasri manne unayafikia kwa miguu. Kutoka Incheon panda treni ya uwanja wa ndege hadi Stesheni ya Seoul. Ya moja kwa moja huchukua dakika 43 kutoka jengo la kwanza la abiria, na ile inayosimama vituo vyote huchukua kama saa nzima kwa nauli ndogo zaidi. Kisha panda njia namba 1 ya treni ya chini ya ardhi hadi Jongno 3-ga, ubadilishe kwenda njia namba 3.

Kadi ya usafiri inayotumika ni T-money. Inauzwa kwenye maduka madogo ya kila kona na inatumika kwenye treni, basi na teksi nyingi. Kumbuka kwamba kuijaza salio mara nyingi hudai fedha taslimu, kwa hiyo kuwa na noti za won hata kama unalipia vingine kwa kadi ya benki. Kwa ramani, pakua Naver Map kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani. Wakorea wenyewe huitumia, na inajua mpaka mlango gani wa kituo utokee. Vituo vya Seoul vina milango mingi yenye namba, na ukitokea mlango usio wako unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara ya njia kumi.

Kwa Waislamu: msikiti mkuu wa Seoul uko Itaewon, ulifunguliwa 1976, na mitaa inayouzunguka ina mikahawa ya chakula cha halali. Kutoka kituo cha Gyeongbokgung panda njia namba 3 hadi Yaksu, kisha namba 6 hadi Itaewon. Karibu na makasri penyewe chakula cha halali ni cha kutafuta, basi siku ya ziara ndefu beba chochote mkobani na ukile nje ya malango.

Hatua ya tano: jifunze kulisoma kasri kabla hujaingia

Hatua hii watu huiruka, nami ningependa uikalie hata usiku mmoja. Makasri haya yalijengwa kwa mpangilio wenye kanuni. Ukiielewa mara moja, utajua uko wapi hata pasipo kibao.

Unaanza na malango. Katika Gyeongbokgung yanafuatana matatu kwa mstari ulionyooka, na nyuma ya la mwisho upo ukumbi wa kiti cha enzi. Nyuma ya ukumbi ipo ofisi ambamo mfalme alikutana na mawaziri kila siku. Nyuma ya ofisi ni nyumba yake ya kulala, na nyuma yake ni ya malkia. Kadiri unavyokwenda ndani ndivyo watu walioruhusiwa kufika walivyopungua. Majina yatakusaidia: linaloishia kwa -mun ni lango, kwa -jeon ni ukumbi au jengo la mwenye cheo cha juu kabisa, kwa -gung ni kasri zima.

Ukisimama kwenye ua wa ukumbi wa kiti cha enzi, angalia chini. Katikati pana njia ya mawe yenye sehemu tatu, na ile ya kati iliyoinuka kidogo ilikuwa ya mfalme peke yake. Pande zote mbili zimesimama nguzo fupi za mawe zenye maandishi. Hizo ni alama za vyeo: maofisa wa kiraia walisimama upande wa mashariki, wa kijeshi magharibi, na wa cheo cha juu walikuwa karibu zaidi na mfalme. Mawe ya sakafu ya ua hayakusawazishwa, na hilo lilikusudiwa, kwani uso wenye mikwaruzo haurudishi mwanga wa jua machoni wala hautelezi mvua ikinyesha. Tafuta pia pete za chuma zilizopigiliwa kwenye mawe hayo. Zilifungiwa kamba za mahema ya kivuli siku za sherehe.

Chungulia ndani ya ukumbi. Nyuma ya kiti cha enzi pana mchoro wa jua, mwezi na vilele vitano vya milima. Mchoro huo ulimfuata mfalme popote alipoketi. Halafu inua macho darini: katika Gyeongbokgung utaona majoka mawili ya dhahabu yenye kucha saba kila mguu, na katika Changdeokgung utaona ndege wa hadithi.

Moto ulikuwa adui mkubwa wa majengo haya ya mbao, na ukijua hivyo utauona ukipigwa vita kila kona. Kando ya kumbi kuu kuna masufuria makubwa ya chuma yaliyowekwa maji. Kwenye kingo za mapaa wamepangwa vinyago vya udongo vya kuzuia maafa. Mbele ya Gwanghwamun, lango kuu la Gyeongbokgung, wameketi haetae wawili wa mawe, mnyama wa hadithi anayeaminika kuzuia moto. Rangi za kijani, nyekundu na buluu kwenye mbao, ziitwazo dancheong, hupendezesha, lakini pia huzuia wadudu na kuoza.

Jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote: sehemu kubwa ya unachokiona imejengwa upya. Vita vya uvamizi wa Japani vilivyoanza 1592 viliteketeza makasri ya Seoul, na Gyeongbokgung likabaki gofu kwa zaidi ya miaka 270, hadi baba yake Mfalme Gojong, anayejulikana kama Heungseon Daewongun, aliposimamia ujenzi wake uliokamilika 1867. Kisha ukaja utawala wa Kijapani, ambao ulibomoa na kuuza sehemu kubwa ya majengo hayo. Kazi ya kurudisha ilianza rasmi 1990 na inaendelea hadi leo, kwa hiyo usikasirike ukikuta jukwaa la mafundi mahali ulipotaka kupiga picha. Kwa maoni yangu, mafundi hao ni sehemu ya kinachostahili kutazamwa.

Hatua ya sita: siku ya kwanza, Gyeongbokgung na Deoksugung

Fika Gyeongbokgung saa tatu asubuhi linapofunguliwa. Shuka kituo cha Gyeongbokgung, njia namba 3, mlango namba 5, na utaibukia ndani kabisa ya eneo la kasri. Hata hivyo mimi ningetoka nje na kuzunguka hadi mbele ya Gwanghwamun, ili niingie kwa lango kuu, mlima Bugaksan ukiwa nyuma yake. Kasri lilianza kutumika 1395, mara baada ya Yi Seong-gye, mfalme wa kwanza wa Joseon, kuhamishia mji mkuu hapa, na eneo lilichaguliwa kwa kutazama milima na maji.

Gwanghwamun peke yake ni historia nzima. Wajapani walilihamisha, Vita vya Korea vikaliharibu, 1968 likajengwa upya kwa zege, na 2010 likarudishwa kwa mbao mahali pake pa asili. Jukwaa la mawe lililo mbele yake, lililokuwa limefukiwa chini ya barabara, lilirudishwa Oktoba 2023. Kati ya lango hili na ukumbi wa kiti cha enzi, hapo hasa unapokatia tiketi, lilisimama jengo kubwa la serikali ya kikoloni ya Japani, lililokamilika 1926. Lilijengwa makusudi kuuziba ukumbi usionekane kutoka mjini. Wakorea walianza kulibomoa 1995, mwaka wa hamsini tangu wapate uhuru. Simama hapo uangalie mbele na nyuma, utaelewa kwa nini mandhari haya yana thamani kwao.

Kata tiketi, na uangalie bei kwenye ubao. Kuna ziara ya bure ya kuongozwa kwa Kiingereza, huanzia karibu na lango la Heungnyemun. Uliza dirisha la habari saa za siku hiyo. Zamu ya walinzi wa kifalme hubadilishwa saa nne asubuhi na saa nane mchana (10:00 na 14:00), kwa kama dakika ishirini, na ngoma kubwa na mavazi ya rangi. Mimi hupendekeza hivi: ingia saa tatu, nenda moja kwa moja hadi sehemu za ndani kukiwa bado kutulivu, uyaache maonyesho ya walinzi ya saa nne kwa makundi ya mabasi, kisha uyaone ya saa nane unapotoka.

Ndani, ukumbi wa Geunjeongjeon ndio kitovu. Ukitoka hapo geuka kushoto kwenda Gyeonghoeru, jumba la karamu lililosimama juu ya bwawa kwa nguzo 48 za mawe, za nje zikiwa za pembe nne na za ndani za mviringo. Mbele yake kuna ukumbi wa Sujeongjeon, mahali walipofanyia kazi wanazuoni wa Mfalme Sejong. Alfabeti ya Kikorea inayosomwa kwenye kila kibao cha Seoul iliundwa chini ya mfalme huyo 1443 na kutangazwa 1446.

Endelea hadi nyumba za kulala, Gangnyeongjeon ya mfalme na Gyotaejeon ya malkia. Angalia mapaa yake: hayana ule uti wa juu mnene wenye rangi nyeupe ulioko kwenye majengo mengine. Nyuma ya nyumba ya malkia kuna kilima kidogo chenye dohani za matofali mekundu zilizochongwa maua na wanyama. Moshi wa moto uliopita chini ya sakafu kupasha vyumba joto ulitokea hapo. Dohani ya Jagyeongjeon, jengo alilojengewa mama mlezi wa mfalme, ni nzuri zaidi, ikiwa na alama kumi za maisha marefu. Watu wengi hupita bila kuigeukia.

Mwisho kabisa, kaskazini, kuna bwawa lenye banda la Hyangwonjeong katikati, na nyuma yake nyumba ya Geoncheonggung. Taa ya kwanza ya umeme nchini Korea iliwashwa hapa 1887. Hapahapa, Oktoba 1895, Malkia Myeongseong aliuawa na kundi la Wajapani kwa sababu alizuia mipango yao. Wengi hupiga picha ya banda na kugeuza. Naomba wewe uingie kwenye nyumba hiyo iliyo wazi, isiyopakwa rangi, ukae kidogo.

Tenga saa tatu kwa kasri lote. Ukiwa na nguvu, ingia Jumba la Makumbusho la Makasri ya Kifalme lililo ndani ya eneo hilohilo, bila kiingilio. Pana kivuli, vyoo safi na vitu halisi vilivyotoka vyumbani ulimopita.

Kuhusu vazi la hanbok: maduka ya kukodisha yamejaa kuzunguka Gyeongbokgung na kituo cha Anguk. Anayevaa hanbok kamili, ya juu na ya chini, huingia bila malipo katika makasri makuu. Ukivaa blauzi yake na jinzi utalipa kama wengine. Wakorea hawachukii mgeni kulivaa, tena wazee hufurahi. Sketi hufungwa kwa kuzungushwa, kwa hiyo humkaa mwembamba na mnene. Dada anayevaa hijabu halimpi shida, kwani mikono ni mirefu na sketi hufika kifundoni. Kodi kwa muda wa saa nne, kwa sababu saa mbili huishia kwenye foleni na picha. Usichague sketi yenye pete kubwa ndani kama unataka kupanda ngazi kwa raha.

Jioni nenda Deoksugung, umbali wa kutembea kusini au kituo cha City Hall. Kiingilio kimekuwa won 1,000, na liko wazi hadi saa tatu usiku (21:00), mwisho wa kuingia ukiwa saa moja kabla. Baada ya kuuawa kwa mkewe, Malkia Myeongseong, Gojong alikimbilia ubalozi wa Urusi 1896, na mwaka uliofuata akahamia hapa na kujitangaza mfalme mkuu wa Dola ya Korea. Ndiyo sababu utaona ukumbi wa Kikorea wa Junghwajeon ukiwa jirani na jumba la mawe la Seokjojeon, lenye nguzo za Kizungu, lililokamilika 1910, mwaka uleule nchi ilipotwaliwa. Gojong alifariki hapa Januari 1919, na maombolezo yake yakachochea maandamano ya kudai uhuru ya tarehe 1 Machi.

Hatua ya saba: siku ya pili, Changdeokgung, bustani na Changgyeonggung

Shuka Anguk, njia namba 3, mlango namba 3, kisha tembea dakika chache. Changdeokgung lilijengwa 1405, na wafalme wengi walilipenda kuliko Gyeongbokgung. Liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, na sababu utaiona mara moja. Hapa majengo hayakupangwa kwa mstari, yamefuata mkunjo wa kilima. Ukiingia Donhwamun unageuka kulia, unavuka daraja la mawe la 1411, unageuka tena, ndipo ukumbi wa Injeongjeon unajitokeza pembeni.

Ndani ya Injeongjeon kuna taa za umeme na sakafu ya mbao, mabadiliko ya mwanzoni mwa karne ya 20. Jengo la jirani, Seonjeongjeon, lina vigae vya buluu. Kisha fika Huijeongdang na Daejojeon. Baada ya moto wa 1917 zilijengwa upya kwa mbao zilizovunjwa kutoka nyumba za kulala za Gyeongbokgung. Zile ulizoziona jana ni nakala za miaka ya 1990. Mbao za asili ziko hapa. Mbele ya Huijeongdang kuna baraza la kuegeshea gari, kwani wakati huo mfalme alishakuwa na motokaa.

Usiache Nakseonjae, upande wa mashariki. Nyumba hii ya 1847 haina rangi hata kidogo, ni mbao tupu na madirisha ya karatasi. Waliobaki wa familia ya kifalme waliishi hapa hadi 1989.

Kwa bustani, fika kwenye mlango wake dakika kumi kabla ya muda wa tiketi, maana kundi halimsubiri mtu. Njia ina mipando, basi vaa viatu vya kutembea. Kituo kikubwa cha kwanza ni bwawa la Buyongji, lenye umbo la mraba na kisiwa cha mviringo katikati. Juu yake ni jumba la Juhamnu, ambalo ghorofa yake ya chini ilikuwa maktaba ya kifalme iliyoanzishwa na Mfalme Jeongjo 1776. Bwawani banda dogo limesimamisha miguu miwili ndani ya maji. Zaidi ndani ni kijito cha Ongnyucheon, kilichochongewa mfereji kwenye mwamba, ambapo mfalme na wageni wake waliviacha vikombe vya pombe vielee huku wakitunga mashairi.

Ukimaliza, usitoke nje ya kasri. Pita lango la Hamyangmun, ukate tiketi ya Changgyeonggung palepale. Kasri hili lina wageni wachache na kumbukumbu chungu. Ukumbi wake wa Myeongjeongjeon, wa 1616, ndio mkongwe kuliko kumbi zote za viti vya enzi zilizosimama, na umeelekezwa mashariki badala ya kusini. Mwaka 1762 Mfalme Yeongjo alimfungia mwanawe, Mwanamfalme Sado, ndani ya kasha la mchele katika kasri hili hadi akafa. Wajapani walipogeuza eneo hili kuwa bustani ya wanyama mwaka 1909, walilishusha hadhi hadi jina lake likabadilishwa. Wanyama waliondolewa miaka ya 1980 na jina likarudishwa. Kibanda cha kioo cha mimea cha 1909 kimebaki. Changgyeonggung nalo liko wazi hadi saa tatu usiku, kwa hiyo unaweza kupumzika kando ya bwawa hadi taa ziwashwe.

Adabu na makatazo

Usipande kwenye sakafu za kumbi zisipokuwa zenye kibao cha ruhusa, na hapo vua viatu. Usile ndani, maji yanaruhusiwa. Usivute sigara. Droni ni marufuku katikati ya Seoul, na stendi ya kamera ya miguu mitatu inaweza kukataliwa. Ukuta wa Gyeongbokgung ulipopulizwa rangi Desemba 2023, polisi waliwakamata wahusika, na Wakorea waliumia kwelikweli. Hata kuandika jina lako kwa penseli ni kosa la jinai.

Kati ya makasri mawili makubwa kuna mtaa wa nyumba za kale wa Bukchon. Watu wanaishi humo. Tangu Novemba 2024 sehemu yake yenye msongamano huruhusu watalii kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu (10:00 hadi 17:00), na faini ya kukiuka ni won 100,000. Ongea kwa sauti ya chini hata ndani ya muda huo.

Wazee na wenye ulemavu: Gyeongbokgung huazima viti vya magurudumu bila malipo, na njia zake ni tambarare. Bustani ya Huwon ndiyo yenye shida, kwa sababu ya miinuko.

Ukibakiwa na nusu siku

Kasri la tano, Gyeonghuigung, halina kiingilio, lakini utawala wa Kijapani ulilibomoa karibu lote kujenga shule, na kilichorudishwa ni kidogo. Nusu siku yako itumie Jongmyo, ambako vibao vya roho vya wafalme na malkia wa Joseon vimehifadhiwa. Ukumbi mkuu una urefu wa mita 101, wenye vyumba 19, na ulifunguliwa tena 2025 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Siku za kazi huingia kwa kundi lenye kiongozi. Jumamosi na Jumapili unatembea mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya Mei wazao wa ukoo wa Yi hufanya hapo ibada ya mababu, yenye muziki na ngoma vilivyoandikishwa UNESCO 2001. Ukiwa Seoul siku hiyo, ahirisha mengine yote. Shuka Jongno 3-ga, mlango namba 11.